Jinsi ya Kuandaa Masomo ya Kidijitali Yanayomfikia Kila Mwanafunzi: Mwongozo Kamili kwa Walimu na Wahadhiri

Walimu na wahadhiri wengi huweka notisi, slaidi na video zao kwenye mfumo wa masomo wa chuo au kwenye kundi la WhatsApp la darasa, kisha mwanafunzi asiyeona huja kuwaeleza kwamba faili limefunguka lakini halisemi neno. Wengi hujaribu kulitatua jambo hilo kwa kutuma faili lilelile upya au kwa kukuza herufi, na tatizo hubaki palepale. Kosa karibu kila mara liko mahali pamoja: kazi ya kulifanya somo lifikike imeachwa hadi mwisho, baada ya hati kugeuzwa kuwa PDF, ilhali ilipaswa kufanyika mapema ndani ya faili mama, yaani hati ya Word, LibreOffice au Google Docs ambamo somo liliandikwa.

Mwongozo huu unalifuata somo moja la jiografia, kuhusu misimu ya mvua Tanzania, kutoka kwenye faili mama hadi kwenye simu ya mwanafunzi. Wanaofikiriwa ni mwanafunzi asiyeona, mwenye uoni hafifu (wakiwemo wengi wenye ualbino), kiziwi, asiyeweza kushika kipanya, mwenye disleksia (ugumu wa kusoma na kuandika maneno), na yule anayesoma kwenye simu ndogo akihesabu bando lake. Hatua nyingi zitakazomsaidia mmoja zitawasaidia na wengine.

## Mahitaji

Andaa vitu hivi kabla ya kuanza, kwa sababu ukikosa cha kupimia utabaki kukisia.

- Faili mama la somo. Kama ulichonacho ni PDF au picha tu, Hatua ya 1 inakuhusu.
- NVDA, kisoma skrini cha Windows kisicholipiwa, yaani programu inayosoma kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Huja na sauti ya eSpeak NG, ambayo inasoma Kiswahili.
- Simu ya Android yenye TalkBack, kisoma skrini cha simu hizo. Katika simu nyingi programu hii tayari imo kwenye mipangilio ya ufikivu.
- Colour Contrast Analyser, programu ya bure inayopima utofauti wa rangi ya maandishi na rangi ya nyuma yake.
- NAPS2, programu ya bure ya kuskani na kutambua maandishi, kama una kurasa za karatasi.
- Vipokea sauti vya masikioni, na mwanafunzi mmoja au wawili wenye ulemavu walio tayari kulijaribu somo kabla darasa zima halijalipata.

Onyo moja kabla ya kuwasha chochote: jifunze kwanza namna ya kuzima. NVDA huzimwa kwa kubonyeza Insert na Q, na ukibonyeza Control peke yake sauti hunyamaza. TalkBack ikishawashwa, mguso mmoja huchagua kitu tu, na ni lazima uguse mara mbili ili kukifungua. Walimu kadhaa wameiacha kazi hii siku ya kwanza kwa sababu tu simu "ilikataa" kuwatii.

## Hatua ya 1: Hakikisha maandishi ni maandishi kweli

Fungua faili, kisha jaribu kuchagua neno moja kwa kipanya, kulinakili na kulibandika mahali pengine. Neno likija, ni maandishi. Ukurasa mzima ukichaguliwa kwa pamoja, au kisichaguliwe chochote, ulichonacho ni picha ya maandishi, na kisoma skrini hakina cha kusoma. Mwenye uoni hafifu naye huumia, kwa sababu akiikuza picha mara nne herufi hufifia, na hawezi kubadili rangi za ukurasa mweupe unaomchoma macho.

Dawa bora ni kumtafuta aliyeandika hati hiyo na kupata faili mama. Ikishindikana, skani kurasa kwa ubora wa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi), zikiwa zimenyooka na bila kivuli cha kidole, kisha tumia NAPS2 kutambua maandishi huku ukiwa umechagua lugha ya Kiswahili. Google Docs pia hufanya kazi hii ukipakia picha kwenye Google Drive na kuifungua kwa programu hiyo.

Usiyaamini matokeo kabla ya kuyasoma yote. Mashine huchanganya herufi l na tarakimu 1, husoma r na n zilizokaribiana kana kwamba ni m, na mara nyingi hudondosha alama ya ritifaa, hivyo ng'ombe hugeuka ngombe. Nambari na majina ya mahali yahakikiwe moja moja.

Kuhusu vitabu vyenye hakimiliki, Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kutengenezwa kwa nakala zinazofikika kwa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida. Kenya ilijiunga nao mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2020. Ruhusa hiyo ina masharti na ni kwa ajili ya wanafunzi hao tu, kwa hiyo ipitie kwenye maktaba ya chuo chako badala ya kusambaza kitabu kizima kwenye kundi la darasa.

## Hatua ya 2: Weka vichwa vya kweli

Hapa ndipo walimu wengi wanapokwama bila kujua kwamba wamekwama. Mwalimu huandika "Misimu ya mvua", huyakoleza maneno hayo, huyaongeza ukubwa na kuyapigia mstari, na kwa jicho kila kitu kinaonekana sawa. Kwa kisoma skrini hiyo ni aya fupi kama nyingine yoyote. Mwanafunzi asiyeona akitaka kurudi kwenye sehemu ya vuli katika hati ya kurasa 30, atalazimika kusikiliza kuanzia mwanzo.

Chagua maneno ya kichwa, nenda kwenye mitindo ya Word, na ubonyeze "Heading 1" kwa jina la somo, "Heading 2" kwa sehemu kuu, na "Heading 3" kwa vijisehemu. Kama sura ya mtindo haikupendezi, bofya jina lake kwa kitufe cha kulia na ubadilishe fonti, ukubwa na rangi. Mabadiliko hayo yatashika hati nzima, na hii ni nafuu kwako pia.

Usiruke ngazi kutoka ya kwanza kwenda ya tatu kwa sababu tu herufi zake ni nzuri zaidi. Anayesikiliza huitegemea ngazi kujua sehemu ipi iko ndani ya ipi, na akikuta pengo hudhani kuna kitu kilichompita. Vilevile, usisukume maandishi kwenda ukurasa mwingine kwa kubonyeza Enter mara nyingi, maana NVDA inaweza kutamka "tupu" kwa kila mstari mtupu. Tumia Control na Enter kuanza ukurasa mpya.

Umefaulu iwapo, ukifungua kidirisha cha urambazaji cha Word, unaona muhtasari wa somo zima upande wa kushoto, na muhtasari huo unaeleweka bila kusoma aya zenyewe. Kisha washa NVDA, bonyeza Insert na Space ili kuingia katika hali ya kuvinjari, na ubonyeze H mara kadhaa: utapelekwa kutoka kichwa hadi kichwa.

## Hatua ya 3: Iambie hati kwamba ni ya Kiswahili

Hatua hii haimo katika miongozo mingi kwa sababu mingi imeandikwa kwa ajili ya watu wanaosoma na kuandika lugha moja. Kwetu sisi ndiyo inayoamua kama somo litaeleweka. Hati mpya ya Word kwa kawaida hutiwa alama ya Kiingereza, na kisoma skrini huitii alama hiyo: husoma "mvua za masika" kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza, na kinachotoka masikioni si Kiswahili wala Kiingereza. Mwanafunzi aliyezoea huweza kukisia maneno machache, lakini anachokisia si somo, na nguvu zake zinaishia kwenye kukisia.

Chagua hati yote kwa Control na A, nenda kwenye "Review", kisha "Language", kisha "Set Proofing Language", na uchague Kiswahili. Katika Google Docs mpangilio huu uko chini ya "File" na "Language". Kama unaandaa kurasa za wavuti, weka lang="sw" katika lebo ya html ya ukurasa.

Baada ya hapo, pitia hati na utafute sentensi au vifungu vilivyo katika lugha nyingine, kama dondoo la Kiingereza au aya ya Kiarabu, na utie kila kimoja alama ya lugha yake. NVDA hubadilisha sauti yenyewe pindi inapokutana na alama mpya, mradi sauti inayotumika ina lugha hiyo. Majina ya watu na istilahi moja moja hayana haja ya kutiwa alama, kwa kuwa sauti inayobadilika kila neno la tatu huchosha kuliko neno moja lililotamkwa vibaya.

Onyo: mwanafunzi mwenyewe awe na sauti ya Kiswahili kwenye kifaa chake. Kwenye Android, aangalie mipangilio ya kubadilisha maandishi kuwa sauti. Andika maelekezo hayo kwa sentensi mbili mwanzoni mwa kozi.

Sikiliza aya tatu ukiwa umefumba macho. Ikiwa huhitaji kufumbua ili kuelewa, umemaliza hatua hii.

## Hatua ya 4: Eleza picha, michoro na grafu

Kila picha yenye kazi katika somo inahitaji maandishi mbadala, yaani maelezo mafupi yanayosomwa na kisoma skrini mahali picha ilipo. Bofya picha kwa kitufe cha kulia, chagua "View Alt Text" au "Edit Alt Text" kulingana na toleo lako, na uandike. Word ikikupendekezea maelezo yake yenyewe, yafute. Mashine huona mistari na rangi, lakini haijui kwa nini uliiweka picha hiyo hapo.

Jiulize picha inafundisha nini katika somo hili. Tuseme ni grafu ya mihimili ya mvua ya Dodoma. Maelezo "picha ya grafu" hayamfai mtu. Maelezo yanayofaa ni haya: "Grafu ya mihimili ya mvua ya Dodoma kwa kila mwezi. Karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Kuanzia Juni hadi Septemba mihimili inakaribia sifuri." Ukiweka kando yake grafu ya Dar es Salaam, eleza kwamba mihimili hupanda mara mbili, wakati wa vuli kati ya Oktoba na Desemba na wakati wa masika kati ya Machi na Mei, kwa kuwa tofauti hiyo ndiyo somo lenyewe.

Mchoro ukiwa na mambo mengi, usiyasonge yote ndani ya maandishi mbadala. Andika aya ya kuueleza chini yake, weka takwimu zake katika jedwali, na katika maandishi mbadala useme tu ni mchoro wa nini na kwamba maelezo kamili yanafuata. Aya hiyo itamsaidia pia mwanafunzi anayeona lakini hajui kusoma grafu, na wanafunzi wa namna hiyo si wachache.

Mambo matatu huharibu kazi hii. Picha za mapambo zisielezwe. Zitie alama ya mapambo ili zirukwe. Picha ya swali la mtihani ielezwe kwa kile kinachoonekana bila kutaja jibu. Na kila picha ipangwe "In Line with Text", kwa kuwa picha inayoelea juu ya ukurasa, kama ilivyo kwa visanduku vya maandishi, inaweza kurukwa kabisa au kusomwa mahali pasipo pake.

Milinganyo ya hisabati isipigwe picha. Iandike kwa zana ya milinganyo ya Word, ili mwanafunzi mwenye NVDA na MathCAT, zana inayosoma hisabati kwa sauti, aweze kuisikiliza sehemu kwa sehemu.

## Hatua ya 5: Majedwali, orodha na viungo

Jedwali litumike kwa takwimu tu, si kupanga aya pembeni mwa picha. Usiunganishe visanduku, na safu mlalo ya kwanza itie alama ya kuwa kichwa kwa "Repeat Header Rows", ili msikilizaji aliye katikati ya jedwali ajue nambari anayoisikia ni ya mwezi gani.

Orodha itengenezwe kwa vitufe vya orodha, si kwa vistari vya kuchapa mwenyewe. Kiungo kipewe jina la kinachofunguliwa: "Takwimu za mvua za Dodoma" badala ya "bofya hapa". Anayetumia kisoma skrini huweza kuita orodha ya viungo vyote peke yake, na "bofya hapa" kumi mfululizo hazimwelekezi popote.

## Hatua ya 6: Rangi na herufi

Viwango vya kimataifa vya WCAG, vinavyohusu ufikivu wa maudhui ya wavuti, vinadai utofauti wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, na 3 kwa 1 kwa herufi kubwa za pointi 18 au zaidi, au za pointi 14 zilizokolezwa. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1. Nyekundu kali, ambayo walimu hupenda kuandikia "muhimu", ni takriban 4 kwa 1 tu juu ya nyeupe, kwa hiyo haifikii kiwango kwa maandishi ya kawaida. Njano juu ya nyeupe haifai kwa maandishi hata kidogo. Pima kila rangi unayoitumia kwa Colour Contrast Analyser mara moja, kisha uzishike rangi hizohizo muhula mzima.

Rangi isibebe maana peke yake. "Majibu sahihi yako katika kijani" ni sentensi isiyomfaa asiyetofautisha kijani na nyekundu wala aliyechapisha notisi kwa wino mweusi. Ongeza neno au alama.

Kwa wenye disleksia na uoni hafifu, tumia fonti isiyo na madoido yenye pointi 12 au zaidi na nafasi ya 1.5 kati ya mistari, na upange maandishi kushoto bila kuyanyoosha pande zote mbili. Aya nzima ya herufi kubwa au mlazo huchelewesha kila msomaji.

## Hatua ya 7: Slaidi

Tumia mipangilio iliyomo ndani ya PowerPoint badala ya kuchora visanduku vyako. Kipimo chepesi ni "Outline View": maandishi yasiyoonekana pale yako nje ya mpangilio, na ndiyo yenye hatari ya kusomwa bila utaratibu. Kila slaidi iwe na kichwa chake kisichofanana na cha nyingine. Kisha bonyeza Alt na F10 uone orodha ya vitu. Husomwa kuanzia chini kwenda juu, kwa hiyo kichwa kinapaswa kuwa chini kabisa.

Herufi zisipungue pointi 24. Usiweke kitu kinachomweka zaidi ya mara tatu kwa sekunde, kwani kinaweza kuamsha kifafa.

## Hatua ya 8: Video na sauti

Tatizo la kwanza la video ni maneno ya mwalimu mwenyewe. "Kama mnavyoona hapa, inapanda halafu inashuka hivi" haimwambii kitu asiyeona. Zoea kusema, "Mwezi wa Aprili mvua ni nyingi, kufikia Juni karibu imekwisha." Ukifanya hivyo wakati wa kurekodi, hutahitaji kuongeza sauti ya maelezo baadaye.

Kwa viziwi, weka manukuu. Yanayotengenezwa na mashine yatumike kama rasimu tu, na uyahariri neno kwa neno, hasa majina, nambari na viambishi vya ukanushi; pengo la "ha" moja hugeuza "hainyeshi" kuwa "inyeshi", na msomaji hajui usemi wa mwalimu ulikuwa upi. Yahifadhi katika faili la SRT kwa usimbaji wa UTF-8, na kila kipande kiwe na mistari isiyozidi miwili:

1
00:00:01,000 --> 00:00:05,000
Dodoma ina msimu mmoja wa mvua,
kuanzia Desemba hadi Aprili.

Kwa viziwi wengi lugha ya kwanza ni lugha ya alama, na Kiswahili cha maandishi ni lugha ya pili waliyojifunza shuleni. Manukuu hayachukui nafasi ya mkalimani. Ukimpata, mrekodi akiwa na mwanga wa kutosha usoni na mikononi, mweke upande uleule wa skrini mwanzo hadi mwisho, na slaidi zisimfunike. Hakikisha pia ni lugha ya alama ya nchi husika, kwani ya Tanzania na ya Kenya si moja.

Weka vilevile nakala ya maandishi ya video nzima, na sauti peke yake. Sauti ya MP3 ya njia moja yenye kilobiti 64 kwa sekunde huchukua takriban megabaiti 14 kwa nusu saa, na anayelipia bando ataweza kuipakua mahali ambapo video ingemshinda.

## Hatua ya 9: Toa nakala za kugawa

Sasa tu ndipo PDF inapotengenezwa. Chagua "Save As", kisha PDF, fungua "Options" na uhakikishe kwamba "Document structure tags for accessibility" imechaguliwa. Usitumie njia ya kuchapisha, yaani "Print" kwenda "Microsoft Print to PDF", kwa sababu huondoa vichwa, lugha na maandishi mbadala yote uliyoyahangaikia. Kosa hili moja hubatilisha sehemu kubwa ya kazi ya hatua zilizotangulia, na kwa macho faili huonekana halina kasoro.

Kabla ya hapo endesha "Check Accessibility" iliyo chini ya "Review" na urekebishe inayoyataja. Chombo hicho kitakuambia picha isiyo na maelezo, lakini hakiwezi kujua kama maelezo uliyoandika yana maana.

Pamoja na PDF, gawa hati ya Word au ukurasa wa wavuti. Kwenye simu, PDF hulazimisha kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari, ilhali ukurasa wa wavuti hujipanga kulingana na upana wa skrini. Majina ya mafaili yaeleze kilichomo: "Somo03_Misimu_ya_mvua", si "final2_mpya".

Kwa majaribio ya Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni unaotumiwa na vyuo vingi, mwanafunzi anayestahili muda wa ziada aongezewe kupitia "User overrides", na jaribio lote lipitiwe kwa kibodi peke yake, kwa Tab, mishale, Space na Enter. Mahali utakapolazimika kushika kipanya, ndipo mwanafunzi wako atakapokwama.

## Hatua ya 10: Jaribu na mtu, kisha rekebisha faili mama

Jaribu mwenyewe kwanza: skrini imezimwa, NVDA imewashwa, tafuta sehemu ya vuli na usikilize maelezo ya grafu. Rudia kwenye simu kwa TalkBack, ukipitisha kidole kulia kutoka kitu hadi kitu.

Halafu mpe mwanafunzi. Usimwulize "inasomeka?", kwa kuwa atakujibu ndiyo kwa heshima. Mpe kazi: "Nitafutie miezi ambayo Dar es Salaam hupata mvua za masika," na ukae kimya ukiangalia anapita njia gani, anarudi nyuma wapi na anaruka nini. Umefaulu akipata jibu bila kukuuliza wala kumwomba mwenzake, kwa muda usiopishana sana na wa wenzake.

Kila kasoro irekebishwe kwenye faili mama, kisha utoe PDF upya na kuliondoa la zamani ili mafaili mawili yasikae pamoja. Waeleze wanafunzi kwa sentensi moja kilichobadilika, ili aliyeweka alama za kurasa asipotee. Mwisho, nakili faili mama hilo, futa maandishi yake na uache mitindo, lugha, rangi na jedwali moja tupu lenye safu ya kichwa: hicho ndicho kiolezo utakachoanzia somo linalofuata, nacho kitakuwa kimeshabeba Hatua ya 2, ya 3 na ya 6.